Mkataba Niliouchapa kwa Makosa

Nilipata kazi ya kuleta amani kwa sababu nilikuwa napiga chapa haraka. Hakuna sifa nyingine iliyoulizwa. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, ofisi niliyokuwa nikifanyia kazi ilikuwa imetuachisha kazi nusu yetu kwa barua yenye lugha tamu sana, na mwanamke mmoja niliyesoma naye uhazili akaniambia kwamba kuna hoteli upande wa pili wa mji, kule kwenye miti mingi na mbwa wanaokula vizuri kuliko watu, ambako wakubwa wa nchi jirani walikuwa wanakuja kuzungumza ili waache kuuana. Walihitaji taipisti anayejua Kiingereza na Kiswahili na asiyekuwa na mdomo. Nikasema mimi sina mdomo. Nikatia sahihi kiapo cha kutunza siri, kurasa tatu, kisha nikarudi nyumbani mtaa wa Kaloleni kumweleza mama kila kitu.

Mama alikuwa mjane wa karani wa reli. Alikuja Nairobi kutoka Ukambani akiwa bibi harusi na hakuwahi kuondoka kwenye ile nyumba ya vyumba viwili ya baraza la jiji. Kuhusu vita vya jirani alikuwa na sera yake mwenyewe: wale wanaume wafungiwe chumbani bila chakula mpaka wapatane. Nilipomweleza kwamba wamefungiwa hotelini na chakula cha aina nne kila mlo, alisema basi vita hivyo vitachukua muda.

Tulikuwa na mpangaji. Uani kulikuwa na chumba kidogo kilichokuwa jiko zamani, na humo aliishi mwalimu mmoja aliyekimbia kutoka nchi hiyo hiyo. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili, mwembamba, mwenye mashati mawili yaliyopigwa pasi mpaka yakang'aa kwenye mikunjo. Siku askari walipoingia shuleni kwake, mke wake na binti yao mdogo walikuwa wamekwenda kuwasalimu wakwe upande wa pili wa milima. Barabara ya kurudi ilikuwa moja tu, ile inayoendelea hadi mpakani. Serikali ikashika ncha moja, waasi wakashika ncha nyingine, na watu wa katikati wakabaki katikati. Alikuwa amemaliza mwaka mmoja na miezi minne bila barua wala salamu.

Kila alasiri alikwenda kwa miguu hadi Buruburu kufundisha insha watoto wa maafisa wa serikali, watoto waliozungumza Kiingereza vizuri kiasi kwamba walikuwa wanafeli Kiswahili. Chake kilikuwa safi kiasi cha kuaibisha mtaa mzima. Vijana wa kona walimwambia "Niaje, ticha," naye akawajibu kwa salamu ndefu, akiwauliza hali zao na za wazazi wao, mpaka wakaanza kuvuka barabara wakimwona.

Basi, mazungumzo yakaanza. Upande wa serikali uliongozwa na Jenerali. Upande wa waasi uliongozwa na Daktari, na sikuwahi kumsikia mtu akiuliza ni daktari wa nini. Kati yao alikaa Balozi mstaafu, mzee mpole kutoka nchi ya mbali ya bara letu, ambaye alikuwa amewakilisha taifa lake miaka thelathini mahali ambapo hakuna kilichotokea, na kwa hiyo alionekana ana uzoefu wa kutosha.

Wiki mbili za kwanza tulizitumia kwenye ajenda. Si mambo yaliyo ndani ya ajenda; ajenda yenyewe. Jenerali hakutaka jambo lake liwe namba mbili, kwa sababu namba mbili ni kushindwa. Daktari naye hakuwa ameingia msituni miaka mitano ili aje awe namba mbili. Balozi alikuja mezani kwangu akaniuliza kwa unyenyekevu kama inawezekana kuchapa orodha isiyokuwa na namba mbili. Nikamwambia kompyuta haina ubishi. Ndivyo tulivyopata ajenda yenye mambo saba, yote namba moja, yakitofautishwa kwa herufi. Pande zote mbili zikapongezana kwa hatua hiyo kubwa, na hoteli ikaleta keki.

Jambo lililoniudhi zaidi ni kwamba walijuana. Wakiwa mezani walizungumza Kiingereza kikavu, kila mmoja akimwita mwenzake "upande wa pili." Wakati wa chai walisimama kando ya dirisha wakaongea Kiswahili kile kile cha mpangaji wetu, wakacheka. Walikuwa wamesoma shule moja ya bweni. Nilimsikia Jenerali akimuuliza Daktari kama mama yake bado ana lile tatizo la miguu. Kisha kengele ikalia, wakarudi mezani kuendelea kuwa maadui.

Nilimpelekea mama taarifa kila jioni, naye akaisambaza kwa utaratibu wake. Alikuwa katika kikundi cha akina mama wa kanisa kilichokutana Jumapili alasiri kwenye ukumbi wa Kaloleni. Jumapili moja nilikwenda kumchukua nikamkuta mama mmoja wa kutoka magharibi, mke wa mfanyakazi wa kiwanda, akiongoza maombi kwa macho yaliyofumbwa. Akamwomba Mungu awakumbuke wagonjwa, awakumbuke wasafiri, na aulainishe moyo wa Jenerali kuhusu jambo la namba moja, herufi D. Akina mama wote wakaitikia amina. Nilisimama mlangoni nikikumbuka zile kurasa tatu za kiapo.

Kwa mwalimu peke yake ndiko habari hazikufika. Mama hakumwambia neno, na alinikataza nisimwambie. Aliniambia kwamba mtu anayesubiri watu wake haletewi habari za keki. Mwalimu alijua nafanya kazi wapi; aliniona nikitoka asubuhi na viatu vyangu vya ofisini ndani ya mfuko, nikitembea kwa raba mpaka mjini. Hakuniuliza hata siku moja. Alinisalimia tu kirefu kama kawaida yake, kisha akaniangalia usoni muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Mwezi wa tatu tukafika kwenye jambo lenyewe: kuacha. Wote walikubali kuacha. Hawakukubaliana wanaacha nini. Jenerali alikataa neno "vita," kwa sababu serikali yake haikuwa vitani. Ilikuwa inashughulikia wahalifu. Daktari alikataa "vurugu," kwa sababu vurugu hufanywa na walevi. "Mapigano" yakamchefua Jenerali, kwani hupigani na mtu usiyemtambua. "Uhasama" ukamchefua Daktari, ambaye alisema yeye hana uhasama na mtu yeyote, ana madai. Mtu mmoja akapendekeza "hali iliyopo," na kwa muda wa saa nzima tulikuwa na matumaini, mpaka Jenerali akauliza hali iliyopo wapi.

Nilichapa kifungu hicho mara nane. Kila mara Balozi alikuja na karatasi yenye neno lililofutwa kwa wino, nami nikaliondoa kwenye kompyuta na kuweka jipya. Mkataba ulipaswa kuwa kwa Kiswahili na Kiingereza, lakini walikubaliana kumaliza Kiswahili kwanza, maana hicho ndicho askari wao wangesomewa. Ijumaa mchana Balozi akaniambia niondoe neno la mwisho na niweke nukta nukta mahali pake, ili walijadili baada ya chakula. Nilikuwa nimeketi tangu asubuhi bila kunywa hata maji. Nikaliondoa neno. Nukta nukta sikuziweka.

Kwenye taipureta ungebaki na pengo. Kompyuta haiachi pengo. Maneno husogea yakashikana kama watu kwenye benchi mmoja wao anapoinuka. Nikatoa nakala nikazigawa. Kifungu kikasomeka hivi: "Pande zote mbili zitasitisha kuanzia saa sita adhuhuri siku ya Jumatano, na barabara itakuwa wazi kwa raia."

Niligundua kosa wakati karatasi zilikuwa tayari mikononi mwao. Jenerali alisoma kifungu akitembeza kalamu chini ya mistari. Akasoma tena. Daktari akavua miwani, akaisafisha, akaivaa. Nilisubiri nifukuzwe kazi.

Jenerali akasema kwamba kwa maandishi haya serikali yake haina pingamizi.

Daktari akasema hata wao wanayaona ni ya heshima.

Nilinyanyuka nikamfuata Balozi kwenye korido. Nilimweleza kwa sauti ya chini kwamba kuna neno limeanguka, kwamba ni kosa langu, na kwamba ninaweza kulirekebisha kwa dakika mbili. Mzee huyo, ambaye kwa miezi mitatu sikuwahi kumwona akifanya chochote kwa haraka, alinishika mkono wa koti.

"Usiguse," akasema.

"Lakini haisemi wanasitisha nini, Mheshimiwa."

"Ndiyo maana wameikubali. Binti yangu, nakuomba. Usiguse hata mkato."

Wakatia sahihi Jumamosi asubuhi, kwa kalamu mbili zinazofanana. Nilichapa ukurasa wa majina na vyeo vyao, ambao ulikuwa mrefu kuliko mkataba. Ilikubaliwa kwamba habari zisitangazwe redioni mpaka Jumatano yenyewe asubuhi, ili makamanda wapate muda wa kuwaarifu watu wao. Wale raia ambao barabara ilikuwa inafunguliwa kwa ajili yao wangeambiwa mwisho kabisa, kama ilivyo desturi.

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikipiga hesabu ya siku. Kutoka Nairobi hadi mpakani ilikuwa safari ya siku mbili kwa basi, na huenda tatu kama mvua imeharibu njia. Mtu akisubiri redio ya Jumatano, atafika Ijumaa au Jumamosi. Na hakuna aliyejua utulivu huo ungedumu siku ngapi. Nilikuwa nimewaona waliotia sahihi. Mimi binafsi niliupa siku nne.

Mwalimu alikuwa uani akipiga pasi ya makaa. Mama alikuwa mlangoni akichagua maharage. Nilimtazama, naye akaelewa. Akainamisha kichwa kwenye ungo wake, na hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa.

"Mwalimu," nikamwambia, "barabara itafunguliwa Jumatano saa sita mchana."

Aliiweka pasi juu ya jiwe polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Akauliza barabara ipi. Nikamtajia. Akauliza kama imeandikwa. Nikasema imeandikwa na imetiwa sahihi, na kwamba mimi ndiye niliyeichapa. Halafu, kwa kuwa sikutaka aende kule akiamini karatasi kuliko inavyostahili, nikamweleza na lile neno lililokosekana. Nikamsomea kifungu kizima kwa kichwa.

Alisikiliza akiwa amefumba macho, jinsi alivyosikiliza insha za watoto wa Buruburu.

"Kitenzi hakina shamirisho," akasema.

"Hakina. Samahani."

"Dada, kwa miaka kumi na miwili nimewakata watoto alama kwa kosa hilo." Nikadhani anacheka. Kisha akakaa chini kwenye beseni lililopinduliwa akafunika uso kwa shati alilokuwa akipiga pasi.

Aliondoka Jumapili asubuhi. Mama alimfungia chapati kwenye gazeti na akampa sweta ya mtoto aliyoifuma mwenyewe, ya rangi ya chungwa kali, kwa kuwa ndizo nyuzi alizokuwa nazo. Aliikadiria kichwani tu, kwa mtoto ambaye hakuwahi kumwona.

Jumatano nilikuwa hotelini. Wajumbe walikuwa wamebaki ili wasimamie utekelezaji, yaani waendelee kula. Saa sita kasoro tulikuwa wote kwenye chumba cha mkutano tukitazama ukuta wenye saa. Saa sita ikafika, hakuna kilichobadilika, mhudumu akaleta juisi. Saa sita na nusu simu ikalia na Jenerali akapokea. Alisikiliza kwa muda.

"Kimya?" akauliza. "Kimya cha namna gani?"

Alipoweka simu hakujua afanye nini na uso wake. Daktari alimmiminia juisi. Waliketi wakinywa, wanaume wawili wazima waliokuwa wamefanya jambo jema kwa bahati mbaya na hawakujua kama waombe radhi.

Yaliyotokea barabarani nilisimuliwa baadaye na mke wa mwalimu. Yeye na binti yake walisikia redio asubuhi ile wakaondoka na kundi la kwanza, bila kungoja kuona kama ni kweli. Walitembea siku tatu. Kwenye kizuizi cha katikati askari mmoja kijana aliwasimamisha. Alikuwa na nakala ya mkataba, nakala yangu, imekunjwa mara nne. Alimuuliza afisa wake wanasitisha nini hasa, maana karatasi haisemi. Je, wanasitisha kupiga risasi tu, au hata kupekua mizigo, au hata kuwarudisha watu? Afisa alikuwa amechoka na alikuwa ameketi kivulini. Akamwambia asitishe kila kitu, pamoja na maswali. Kundi likapita.

Mwalimu alikuwa amesimama mpakani tangu Jumanne akitazama nyuso. Mke wake alimwona kwanza. Binti hakumtambua, kwa kuwa walitengana akiwa mdogo, na miezi kwa mtoto ni mirefu. Alimsalimia kwa adabu kama anavyosalimiwa mgeni, akamuuliza kama yeye ndiye mwenye gari. Mwalimu alimjibu kwamba hana gari, ila ana sweta. Walifika Kaloleni siku ya kumi baada ya yeye kuondoka, watatu, wamejaa vumbi, sweta ikiwa imepita magoti ya mtoto. Mama aliwapikia kama watu kumi. Mtoto alilala kwenye kiti akiwa na kijiko mkononi.

Utulivu ulidumu siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili Jenerali alieleza kwamba serikali yake ilikuwa imekubali kusitisha kusonga mbele tu, si kujilinda. Daktari alieleza kwamba harakati zake zilikuwa zimekubali kusitisha silaha nzito tu, si ndogo. Kila mmoja alipiga mkataba kwa kidole akisema someni wenyewe. Na walikuwa sawa wote wawili. Ungeweza kusoma chochote pale.

Siku hiyo sikula. Magazeti yalisema kuna waliouawa kwenye barabara ile ile, waliochelewa kuondoka, waliokuwa bado wanafunga mizigo. Nilimfuata Balozi nikamuuliza kama ni mimi. Nilimwambia ningeweka hata neno baya, lingekuwa kitu cha kuwabana nacho.

Hakunifariji kwa haraka, na namshukuru kwa hilo. Aliniambia kwamba ningeweka neno, wasingetia sahihi. Wasingetia sahihi, zile siku kumi na moja zisingekuwepo. Akasema katika miaka yake yote amepata mikataba iliyoandikwa vizuri sana ambayo haikunyamazisha bunduki hata kwa alasiri moja. Kisha akaniomba nimtafutie nakala safi za ajenda, kwa kuwa tunaanza upya Jumatatu.

Jibu lake nalikubali nusu mpaka leo. Hiyo nusu nyingine sijui nimpe nani.

Mtaani watu walinicheka. Walisema mazungumzo ya amani ni kula na kuvimba matumbo, na mimi nilikuwa wa kwanza kukubali, maana nilikuwa nimeyaona matumbo hayo yakikua. Jenerali alikuwa amebadilisha mkanda mara mbili. Hata hivyo nilipata tabia moja iliyonifanya nisialikwe tena kwenye maongezi ya watu wenye akili. Mtu akisema mazungumzo hayana maana, heri wapigane mpaka mmoja amalize mwenzake, nilimchukua mpaka uani kwetu nikamwonyesha yule mtoto akiruka kamba, nikamuuliza angependa huyu amalizwe lini. Wengi walikumbuka wana shughuli mahali pengine.

Mtoto aliingia shule ya msingi jirani, na kabla muhula haujaisha alikuwa anaongea Sheng, lugha ya vijana wa mtaani, vizuri kuliko watoto waliozaliwa hapo. Baba yake aliteseka sana. Mke wake, mwanamke mwenye ucheshi mkavu, alimwambia kwamba kama aliweza kuvumilia sentensi isiyokuwa na shamirisho, atavumilia na hii. Baadaye walipata nyumba ya vyumba viwili Makongeni, kwa mfanyakazi wa reli aliyekuwa amerudi kwao, na mama akalalamika mwezi mzima kwamba uani kumekuwa kimya mno.

Duru ya pili ilianza baada ya mvua, katika hoteli nyingine yenye bustani kubwa zaidi. Waliniita tena, na kiapo sasa kilikuwa kurasa tano. Jenerali alinisalimia kwa bashasha akauliza habari za mama, jambo lililonishtua, kwa kuwa sikuwahi kumtajia kwamba nina mama. Daktari alilalamika kwamba chai ya hoteli hii ni nyepesi. Nilivua raba, nikavaa viatu vya ofisini, nikawasha kompyuta. Duru ile ilitupa wiki tano za utulivu. Mama alisema si haba, akataka kujua walipewa nini cha mchana.